Dawa ya Kufunga Tumbo: Mnyama Yupi, Ugonjwa Upi?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kwa simu, hasa usiku na siku za sikukuu, ni hili: "Daktari, mbwa wangu anaharisha, nimpe dawa gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshashika dawa mkononi. Huenda ni kapsuli za loperamaidi, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Imodium, zilizobaki baada ya safari. Huenda ni Flagyl ya mtoto aliyeumwa tumbo, au unga wa tetrasaiklini ulionunuliwa kwa ajili ya kuku. Kwangu anataka idadi tu: nimpe moja au mbili?

Jibu langu humkera, kwa sababu nami naanza kuuliza. Ana kilo ngapi? Ana umri gani? Amechanjwa? Anatapika? Choo kina damu? Jana alikula nini? Siulizi ili kupoteza muda. Dawa ileile inaweza kumtuliza mbwa mmoja, ikamlaza wa pili hajitambui, na ikamuua sungura wa jirani. Kuharisha ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi. Kinachomuua mnyama haraka ni maji na chumvi zinazomtoka mwilini, na dawa ya kufunga choo hairudishi hata tone moja la maji hayo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji, ya pili ni kutafuta chanzo. Dawa ya kufunga tumbo inakuja ya tatu, na kwa wanyama wengi tunaowafuga haiji kabisa.

Ndani ya utumbo

Kila siku utumbo hupokea maji mengi kuliko yale ambayo mnyama ameyanywa, kwa sababu mate, nyongo na majimaji ya kusaga chakula nayo humwagwa humohumo. Karibu yote hufyonzwa na kurudi kwenye damu kabla ya kufika mwisho wa safari. Mnyama huharisha hesabu hiyo inapovurugika, na huvurugika kwa njia tofauti. Sumu ya bakteria aina ya E. koli hulazimisha kuta za utumbo kumwaga maji ndani yake. Virusi vya rota au parvo hubomoa vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula. Chakula kisichomeng'enywa, kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya au mabaki ya sherehe, hubaki ndani na kuvuta maji. Minyoo ya safura hukwangua utumbo na kunyonya damu.

Loperamaidi ilitengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Janssen huko Ubelgiji. Ni ndugu wa dawa za jamii ya afyuni, ila imeundwa ifanye kazi yake tumboni. Hushika kwenye mishipa ya fahamu ya ukuta wa utumbo na kupunguza kasi ya kusukuma, ili maji yapate muda zaidi wa kufyonzwa. Mtu mzima aliyeharibikiwa tumbo safarini anaweza kuimeza na kupata nafuu ya kweli. Shida ipo pale utumbo unapokuwa na wadudu au sumu inayotakiwa itoke. Hapo kuufunga ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Jambo hili lilionekana mapema kwa binadamu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kuhara damu kwa bakteria wa shigela waliopewa Lomotil, dawa inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo, walikaa na homa muda mrefu kuliko wenzao.

Hesabu ya kapsuli moja

Kapsuli moja ya loperamaidi ina miligramu 2. Mtu mzima wa kilo 70 huanza na mbili, yaani miligramu 4, sawa na takriban miligramu 0.06 kwa kila kilo ya mwili wake. Sasa mchukue mtoto wa mbwa wa kilo 3. Mwenyewe anaona amechukua tahadhari, anampa moja tu badala ya mbili. Mtoto huyo amepata miligramu 0.67 kwa kilo, zaidi ya mara kumi ya kile alichoanza nacho binadamu. Kuigawa nako si rahisi, maana ndani ya kapsuli mna unga. Ukiufungua na kuupima kwa macho, hujui robo ni ipi na nusu ni ipi. Dawa za maji za watoto zina hatari nyingine. Baadhi zimetiwa utamu wa zailitoli, ambao mtoto hadhuriki nao, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na unaweza kuharibu ini.

Juu ya uzito kuna suala la ukoo. Loperamaidi haimlevyi mtu kwa sababu kwenye mipaka ya ubongo kuna protini inayofanya kazi kama pampu: kila dawa hiyo inapojaribu kuingia, inasukumwa nje. Jeni inayotengeneza pampu hiyo inaitwa MDR1. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walionyesha kwamba mbwa wengi wa aina ya Collie wana jeni hiyo ikiwa na kasoro, na kwamba ndiyo sababu ivermektini ilikuwa ikiwaangusha. Kati ya Collie kumi, kama saba hubeba kasoro hiyo. Australian Shepherd nao wanayo kwa wingi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kusema mbwa hao hatunao. Lakini German Shepherd tunao, kwenye mageti na kwenye kampuni za ulinzi, na kwa aina hiyo kasoro imepatikana kwa takriban mmoja kati ya kumi. Tunao pia machotara wao, ambao hakuna anayejua wamerithi nini. Mbwa wa namna hii akipewa loperamaidi kwa kiwango cha kawaida tu, dawa huvuka hadi kwenye ubongo. Anapepesuka, mate yanamchuruzika, anazubaa, na anaweza kupoteza fahamu. Ni mbwa walewale ambao hupewa ivermektini kiholela kwa ajili ya ukurutu na kupe. Kama mbwa wako aliwahi kulegea au kuyumba baada ya sindano hiyo, mweleze daktari kabla hajampa dawa yoyote ya tumbo.

Akishapewa na akaanza kupepesuka, usisubiri aamke mwenyewe. Naloksoni, dawa ambayo hospitali hutumia kuwazindua watu waliozidiwa na afyuni, inaweza kumrudisha. Ila daktari ataifikiria tu iwapo utamwambia ukweli kuhusu ulichompa.

Mtoto wa mbwa anayetapika

Kuna hali moja ambayo kila mfugaji wa mbwa anapaswa kuitambua. Mtoto wa mbwa wa kati ya wiki sita na miezi sita, chanjo hazijakamilika, ameacha kula tangu jana, anatapika povu la njano, kisha anaanza kuharisha maji yenye damu na harufu kali. Mwenye mbwa anafika akiwa na matumaini: "Daktari, nimempa ile dawa tunayotumia sisi wenyewe, na choo kimekata, lakini hataki kusimama." Choo kimekata kwa kuwa utumbo umesimama, huku majimaji na damu vikiendelea kujaa ndani.

Hiyo huenda ni parvo. Virusi hivi vilijitokeza duniani mwaka 1978, na hushambulia chembe zinazozaliana haraka: zile za utando wa utumbo na zile za uboho zinazotengeneza kinga. Utando ukibomoka, bakteria wa tumboni hupenya hadi kwenye damu, wakati ambapo askari wa mwili nao wamepungua. Kumfunga tumbo mgonjwa huyo ni kuwapa bakteria muda zaidi. Anahitaji maji ya dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki za sindano, na chakula mapema iwezekanavyo. Kwenye kliniki yenye vifaa, wakiwahi kufikishwa, watoto wa mbwa walio wengi hupona. Wakiachwa bila tiba, walio wengi hufa.

Kuhusu chakula, ushauri wa zamani wa kumnyima mbwa chakula siku mbili ili "tumbo lipumzike" umepitwa na wakati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wa mbwa wenye parvo waliolishwa mapema kwa mrija walipata nafuu haraka na kuongezeka uzito kuliko waliosubirishwa. Chembe za utumbo hujilisha kwa kile kinachopita ndani ya utumbo wenyewe.

Na nyumbani, usafi unaendelea baada ya tiba. Virusi vya parvo huweza kukaa miezi mingi kwenye udongo na sakafu, na sabuni ya kawaida haiviui. Osha kwanza kinyesi chote, kisha pitisha jiki, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, iache dakika kumi kabla ya kusuuza.

Paka hana ini la mbwa

Paka ndiye anayeonewa zaidi na kabati la dawa la binadamu. Dawa ya maji ya rangi ya waridi ya Pepto-Bismol, na nyingine zenye bismathi sabsalisilati, hutoa tumboni kemikali ya ukoo wa aspirini. Ini la binadamu na la mbwa lina kimeng'enya cha kuifunga kemikali hiyo na kuitoa. Paka amerithi jeni mbovu ya kimeng'enya hicho, kwa hiyo dawa hubaki mwilini mwake. Kwa mbwa, nusu ya aspirini huondoka kwenye damu baada ya saa nane hivi. Kwa paka huchukua zaidi ya siku moja na nusu. Ukimpa dozi ya pili jioni, unaongeza juu ya ile ya asubuhi ambayo haijatoka.

Bismathi ina tatizo jingine hata kwa mbwa: hugeuza choo kuwa cheusi. Choo cheusi kama lami ni dalili ambayo daktari huitafuta, kwa kuwa humaanisha damu inavuja juu tumboni. Ukishampa dawa hiyo, dalili imefichwa.

Usiamini jina la chupa pia. Kaopectate ya Marekani ilijulikana kwa miaka mingi kama mchanganyiko wa udongo wa kaolini na pektini, ambao kwa paka haukuwa na madhara makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiambato kilibadilishwa kikawa bismathi sabsalisilati, na jina likabaki. Anayeletewa dawa na ndugu wa ng'ambo asome viambato, asisome jina. Loperamaidi nayo kwa paka haitabiriki: wapo wanaopagawa, wakihangaika huku na huku macho yamewatoka.

Sungura, kuku, mbuzi

Kwa sungura, kosa la kwanza hutokea kabla ya dawa. Sungura mzima hutoa aina mbili za kinyesi: gololi kavu za mchana, na vishada laini, vyenye ute, ambavyo huvila moja kwa moja vinapotoka. Hivyo ni sehemu ya lishe yake, humpatia vitamini na protini. Mfugaji mgeni akivikuta asubuhi kwenye sakafu ya banda anadhani sungura anaharisha, anakimbilia dawa. Sungura anayeharisha kweli hutoa maji, manyoya ya nyuma yamelowa, na ameacha kula.

Huyo naye asipewe dawa ya kufunga tumbo. Mmeng'enyo wake unategemea utumbo usiosimama, na hawezi kutapika. Utumbo ukilala, gesi hujaa, na anakufa kwa maumivu. Amoksilini ya kunywa, ambayo kwa mtoto wa binadamu ni dawa ya kila siku, huua bakteria wema wa tumbo la sungura na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Anaweza kufa siku chache baadaye, na mwenyewe akadhani ni ugonjwa uleule. Linkomisini ni mbaya vilevile, kwa sungura na kwa farasi. Majani makavu ya kutosha, maji, joto na daktari ndiyo msaada wake, pamoja na kupimwa vimelea wa koksidia, ambao ni wengi kwenye mabanda yenye unyevu.

Kwa kuku, angalia hali ya hewa kwanza. Ndege hutoa mkojo na kinyesi kwa tundu moja, na siku ya joto kali la Januari kuku anayekunywa maji mengi hutoa kinyesi cha majimaji bila kuumwa. Baada ya hapo angalia rangi, umri na kinga. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita walionyong'onyea, mabawa yameshuka na kinyesi kina damu, wana kila dalili ya koksidiosisi. Kinyesi cha kijani, shingo kujikunja na vifo vya ghafla kwa kuku wa rika zote, hapo fikiria kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo.

Tofauti hiyo ni ya pesa na ya uhai. Koksidia hutibika kwa amproliamu au dawa za salfa. Kideri ni virusi, hakina dawa. Kina chanjo, kama ile ya I-2 ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hata hivyo wagonjwa wote wawili huishia kutiliwa OTC kwenye maji. OTC ni antibiotiki: haiui virusi, na si tiba ya koksidia. Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi: amproliamu hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, ili koksidia waichukue na kufa njaa. Ukiuza amproliamu na vitamini B katika mfuko mmoja na kuagiza zikorogwe pamoja, umemlisha adui. Vitamini zingoje mpaka siku za dawa ziishe. Na matandazo yabadilishwe, kwa sababu mayai ya koksidia huhitaji unyevu, joto na hewa kukomaa, na hukomaa ndani ya siku moja au mbili.

Kwa mbuzi na kondoo, kuharisha kunakoambatana na homa, makamasi, vidonda mdomoni na vifo vya wengi kwa wakati mmoja ni jambo la kuripoti. Sotoka ya mbuzi na kondoo ipo katika ukanda wetu, na dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030. Mfugaji anayenunua dawa ya kuhara kimyakimya na kuwapeleka mbuzi mnadani kabla hawajafa anaisambaza. Mwite bwana mifugo wa kata.

Ndama anadaiwa lita ngapi?

Hakuna mnyama anayenishawishi kuhusu maji kuliko ndama. Bana ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili, izungushe kidogo, iachie. Kwa ndama mzima hurudi mara moja. Ikibaki imesimama kama hema kwa sekunde kadhaa, na jicho limezama hata unaona pengo kati ya mboni na kope, amepoteza maji kama asilimia 8 ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 40 hayo ni lita 3.2, na bado hujahesabu yatakayotoka leo. Sasa ingiza kidole safi mdomoni mwake. Ukihisi joto na akanyonya kwa nguvu, tiba ya kunywa inatosha. Mdomo ukiwa wa baridi na asinyonye, chupa haitamwokoa. Anahitaji dripu, na anaihitaji leo.

Umri humwambia daktari aanzie wapi. Siku tatu nne za mwanzo mtuhumiwa mkuu ni E. koli. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu ni rota, korona ya ng'ombe na kriptosporidia. Baada ya wiki tatu koksidia huingia kwenye orodha. Salmonela haichagui. Kwa sehemu kubwa ya hawa antibiotiki haina kazi, wala kufunga tumbo. Kinachofanya kazi kwa wote ni maji yenye chumvi na glukosi.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1960 na mwanasayansi Robert Crane: ukuta wa utumbo hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, na vinapoingia huvuta maji. Mlango huo hubaki wazi hata pale sumu ya bakteria inapomwaga maji kwa upande mwingine. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alijaza mapipa ya maji ya chumvi na glukosi kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zilipomwishia. Vifo vya kipindupindu kambini vilishuka hadi chini ya watu wanne kwa mia. Pakiti ya ORS iliyo kwenye kila zahanati yetu imetokana na kazi ya namna hiyo, na utumbo wa ndama unafuata kanuni ileile.

Kwa ndama zipo pakiti za chumvichumvi za mifugo, ambazo zina pia kitu cha kupunguza asidi ya damu, kwa maana ndama anayeharisha hulewa asidi mpaka hawezi kusimama. Mpe lita 2 za mchanganyiko huo mara mbili au tatu kwa siku, mbali na maziwa, ukiacha saa kadhaa kati yake. Usimnyime maziwa. Maji ya ORS hayana nguvu ya kumlisha, na ndama anayenyimwa maziwa siku tatu anaweza kufa kwa njaa baada ya kuponea kiu. Ukikosa vyote, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitamfikisha kwa daktari. Usizidishe chumvi kwa kudhani inazidisha tiba: chumvi iliyozidi inaua.

Mbwa na paka nao wanaweza kunywa ORS ya binadamu, kidogokidogo, kijiko kwa kijiko, mradi hawatapiki na hawalazimishwi wakapaliwa.

Flagyl na antibiotiki

Metronidazoli, au Flagyl, ni dawa nzuri kwa giardia na baadhi ya bakteria. Kwa mazoea imegeuka dawa ya kila tumbo. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliotolewa mwaka 2024 unapinga kuwapa antibiotiki mbwa wenye kuharisha kwa ghafla kusikokuwa kukali: wengi hupona wenyewe kwa siku chache, na dawa huvuruga bakteria wema wa tumbo. Ikizidishwa, metronidazoli hugusa ubongo. Mbwa hupepesuka na kichwa huinama upande mmoja. Kwa paka, uchungu wake huleta povu jingi mdomoni kiasi cha kumtisha mwenye paka.

Kwa mnyama wa chakula suala ni zito zaidi. Umoja wa Ulaya na Marekani zimepiga marufuku metronidazoli kwa wanyama wanaoliwa, kwa hofu ya mabaki yake. Kuku wa mayai aliyepewa Flagyl leo anataga kesho, na yai linaenda kwenye chai ya mtoto wa mtu. Kila dawa halali ya mifugo ina siku za kusubiri kabla ya maziwa, mayai au nyama kutumiwa; zimeandikwa kwenye kibandiko. Dawa ya binadamu haina siku hizo kwenye kibandiko, kwa sababu haikukusudiwa kumwingia kuku.

Basi nifanye nini?

Mbwa au paka mzima, aliyechanjwa, mchangamfu, anayekunywa, hatapiki, hana damu wala homa, mpe siku moja hadi mbili. Maji yawepo muda wote. Mpe milo midogo mara nne kwa siku: kuku aliyechemshwa bila ngozi, mafuta wala viungo, na wali laini. Acha maziwa ya ng'ombe. Kabla ya kusema ana homa, kumbuka joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39; mkono wako utadanganyika. Dawa za udongo kama kaolini zinaweza kusaidia kukaza choo, ila zipishane na dawa nyingine kwa saa mbili, la sivyo zitazifyonza.

Daktari anaweza kuamua kutoa loperamaidi kwa mbwa. Hufanya hivyo kwa mbwa mzima aliyempima uzito, ambaye ukoo wake hauna shaka, hatumii dawa zinazobana ile pampu ya ubongo kama ketokonazoli, hajala sumu, na hana dalili za maambukizi. Huitoa kwa muda mfupi. Orodha hiyo ikitimia, mara nyingi mbwa huyo angepona hata bila dawa, na ndiyo maana sisi madaktari wa wanyama tunaiandika mara chache.

Usisubiri kucha ukiona damu au choo cheusi, kutapika mara kwa mara, fizi zilizopauka au kukauka, macho yaliyozama, tumbo lililojaa kama ngoma, mnyama asiyesimama, au mtoto wa mnyama yeyote. Mate mengi, mboni ndogo na mtetemeko baada ya kuogeshwa dawa ya kupe ni sumu, na ina dawa yake maalumu.

Unapokwenda, beba picha ya choo, kadi ya chanjo, na maganda ya kila dawa uliyompa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Nawa mikono kwa sabuni na waweke watoto mbali na kinyesi, kwani salmonela, giardia na kriptosporidia huhamia kwa binadamu. Na kwa anayefuga ili ale au auze, kinga haina mbadala: dang'a lita 4 kwa ndama ndani ya saa sita za kwanza, chanjo za mtoto wa mbwa zirudiwe mpaka atimize wiki kumi na sita, tone la kideri kwa kuku, na banda kavu kwa wote.